Korbani: Sadaka Iliyomnyima Mzazi Haki Yake



Katika Injili ya Marko (7:9-13) Bwana wetu anawakemea Mafarisayo na waandishi kwa sababu ya neno moja: Korbani, yaani kitu kilichowekwa wakfu kwa Mungu. Historia ya neno hilo yatufundisha mengi.

Sheria ya Musa iliiheshimu sana nadhiri (Hes 30). Aliyeapa hakuruhusiwa kulivunja neno lake. Hivyo mwana aliyechoka kuwatunza wazazi aliweza kutamka kwamba chochote ambacho wangekipata kwake ni Korbani. Tangu hapo walizuiwa kunufaika na mali yake. Lakini tamko hilo halikumlazimu kuipeleka Hekaluni; yeye mwenyewe aliweza kuendelea kuitumia. Ndivyo uchoyo ulivyovaa joho la ibada.

Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi uliokamilika yapata mwaka 200 baada ya Kristo, inasimulia habari ya mzee mmoja wa Beth-horoni aliyefungiwa mali ya mwanawe kwa nadhiri. Ilipofika harusi ya mjukuu, mwana alimpa rafiki ua na karamu yote, ili mzee apate kuingia na kula pamoja nao. Hila hiyo haikufaulu. Hata hivyo, walimu hao hao walikubali kwamba nadhiri inayowagusa wazazi iweze kufunguliwa kwa ajili ya heshima yao. Basi tusiwanyoshee kidole Wayahudi. Kosa hili ni la moyo wa mwanadamu.

Nasi je? Wapo wanaotoa ahadi nono katika harambee ya kanisa, majina yao yakasomwa na kupigiwa makofi, huku mama mzazi kijijini hana fedha ya dawa. Tena ndio wa kwanza kulalamika kwamba vijana wa leo hawana maadili! Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2218) yafundisha kwamba watoto waliokwisha kukua wanapaswa kuwasaidia wazazi, kwa mali na kwa faraja, katika uzee, ugonjwa na upweke.

Paroko hupenda kuona ujenzi ukisonga mbele. Lakini nawasihi: bahasha iliyotolewa kwa kumnyima mzazi isije kwanza altareni. Ipite kijijini. Mungu hapungukiwi kitu mama anapokula.

Amri ya nne haina msamaha kwa wachangiaji wakubwa.