Mlango Usiotozwa Ada: Tarehe ya Ofisi za Kazi za Majimbo ya Marekani

Katika mwezi wa Aprili mwaka 1890, Bunge la jimbo la Ohio, huko Marekani, lilipitisha sheria iliyoamuru zifunguliwe ofisi za kazi katika miji mitano ya jimbo hilo, nayo ni Cincinnati, Cleveland, Columbus, Dayton na Toledo, ili mtu asiye na kazi na tajiri asiye na wa kumfanyia kazi wapate kukutana chini ya mkono wa serikali, pasipo mmoja wao kutozwa hata senti moja. Kabla ya hapo hapakuwa na jimbo katika nchi ile lililojitwika dhamana ya namna hii. Na ingawa waandishi wa tarehe za mataifa makubwa aghalabu huvutwa zaidi na habari za vita na za marais, naona kuwa sheria hiyo yastahiki kukumbukwa, kwani ndiyo asili ya misaada ambayo serikali za majimbo ya Marekani huwapa hata leo watafutao kazi na watakao kujifunza ufundi.

Ili kuifahamu haja ya sheria hiyo, yapasa tuwajue kwanza madalali wa kazi. Zama zile wahamiaji walikuwa wakimiminika kutoka Ulaya, reli zikijengwa, misitu ikikatwa na viwanda vikiongezeka, na mtu mgeni, asiyejua lugha wala njia, alikuwa hana wa kumwuliza kazi ipatikanapo isipokuwa dalali, ambaye alikaa katika kijiduka chake barabarani, ubao umetundikwa mlangoni, juu yake yameandikwa mahitaji ya siku ile: wakata magogo kadhaa, wachimbaji wa njia ya reli kadhaa, mpishi mmoja wa kambi. Mtu alitoa dola moja au mbili, akapewa kikaratasi chenye jina la kambi, akasafiri mbali kwa nauli yake mwenyewe. Na mara nyingi alipofika aliambiwa kwamba hapana kazi, au kazi ipo lakini ujira wake si ule aliotajiwa. Mabaya zaidi yalikuwa yale ya dalali kula njama na nyapara wa kambi, wakagawana ada ile, kisha nyapara akamfukuza kibarua baada ya siku chache tu ili nafasi ipatikane ya kuuziwa mwingine. Hata wafanyakazi wenyewe wakawa wakisema kwamba kila kambi ina makundi matatu, kundi moja lililo njiani laja, kundi moja lililo kazini, na kundi moja lililo njiani larudi.

Dhulma hiyo ilifika kilele katika mji wa Spokane, jimbo la Washington, ambako mwaka 1909 chama cha wafanyakazi kiitwacho Industrial Workers of the World kilisimamisha wasemaji wake njiani kuwataka watu wasinunue kazi. Wenye mamlaka ya mji walikataza kuhutubu barabarani. Nao wanachama wakaja kwa mamia kutoka kila upande, mmoja akikamatwa mwingine akapanda juu ya kisanduku kushika nafasi yake, mpaka magereza yakajaa. Elizabeth Gurley Flynn, msichana ambaye alikuwa hajatimiza miaka 20, alijifunga mnyororo kwenye nguzo ya taa ili polisi wachelewe kumwondoa, apate kusema maneno zaidi. Mwaka uliofuata mji ulilegeza amri yake na madalali wengi wakanyang'anywa leseni.

Raia wa jimbo hilo hawakutosheka na hayo. Mwaka 1914 walipiga kura, wakaamua kwa wingi kwamba ni haramu kwa dalali kupokea ada kutoka kwa mtafuta kazi. Lakini mwaka 1917, katika kesi ya Adams na Tanner, Mahakama Kuu ya Marekani iliitangua sheria hiyo kwa sauti tano dhidi ya nne, ikisema kwamba udalali ni biashara ya halali, na kwamba jimbo laweza kuiwekea kanuni, si kuifisha. Jaji Louis Brandeis, aliyekuwa miongoni mwa wanne walioshindwa, aliandika hoja ndefu iliyojaa ushahidi wa hila za madalali na wa majaribio ya majimbo ya kuwazuia. Nami nashuhudia kwamba katika kesi ile haki ilikuwa upande wa wachache, kwa sababu mwenye njaa hanunui kazi kwa hiari yake, bali hutoa akiba yake ya mwisho kwa kuwa hana budi.

Basi ikiwa dalali hakatazwi, njia iliyobaki ilikuwa kumshinda kwa kufungua mlango ulio bora kuliko wake. Na hapo ndipo ofisi za Ohio zilipoonekana kuwa na upungufu. Fedha zake zilikuwa chache, makarani wake waliwekwa kwa upendeleo wa vyama vya siasa, na waliozijia wengi walikuwa vibarua na watumishi wa nyumbani, hata mafundi wakaona haya kuonekana mlangoni pake na matajiri wakaona hawatapata huko mtu wa kuwafaa. Ofisi isiyoaminiwa na mwajiri haiwezi kumsaidia mwajiriwa, hata ikiwa bure.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa imekwisha kupatikana Wisconsin, hata kabla ya hukumu ile. Mwaka 1911 jimbo hilo, likiwa na washauri kama Profesa John R. Commons wa chuo kikuu cha Madison na Charles McCarthy, mkuu wa maktaba ya Bunge la jimbo, lilipitisha sheria nyingi za kazi kwa mkupuo mmoja. Ofisi ya kazi ya Milwaukee ilitengenezwa upya na kuwekewa kamati ambamo wawakilishi wa matajiri na wa wafanyakazi waliketi pamoja, ili upande wowote usiweze kunung'unika kwamba mizani imeinamia kwa wenzao. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya uanagenzi, iliyotaka mapatano baina ya bwana fundi na mwanagenzi yaandikwe na kusimamiwa na serikali, na mwanagenzi apewe masaa matano kila juma ya kwenda darasani. Tena vijana wa miaka 14 hadi 16 waliokwisha kuingia kazini waliwajibishwa kusoma katika skuli za kuendeleza elimu, kwa kufuata kwa sehemu mfano wa Ujerumani. Jambo hili ndilo ninalolisifu kuliko yote, kwa kuwa watu wale walitambua kwamba kumwonyesha mtu kazi iliko hakumfai kitu ikiwa hana ujuzi wa kuifanya, na kumfundisha ujuzi hakumfai ikiwa hajui pa kuupeleka. Wakazifunga ofisi na skuli kwa kamba moja. Mwaka 1917 serikali ya shirikisho ilifuata nyayo zao kwa sheria ya Smith-Hughes, ikayapa majimbo fedha za kufundisha kilimo, ufundi na maarifa ya nyumbani.

Kisha ukaja mporomoko mkuu wa uchumi. Seneta Robert Wagner wa New York alijaribu kuyaunganisha majimbo yote katika huduma moja, Rais Hoover akaukataa mswada wake mwaka 1931. Lakini tarehe 6 Juni 1933, wakati ambapo karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya Wagner-Peyser, iliyosema kwamba jimbo litakaloanzisha idara ya kazi na kutoa fedha zake litaongezewa na serikali ya shirikisho. Kazi ya kuisimamia ilimwangukia Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi hiyo. Makarani walianza kuchaguliwa kwa mtihani, na mwaka 1939 kikatolewa kitabu kikubwa kilichoeleza kazi zipatazo 17,500, moja moja, kila kazi na namba yake, ili karani wa jimbo moja na karani wa jimbo jingine wanapotaja seremala au mchoma vyuma wawe na maana moja. Kwa upande mwingine, sheria ya mwaka 1935 iliagiza kwamba fidia ya wasio na kazi ipitie katika ofisi hizo hizo. Jambo hilo lilikuwa la rehema, lakini liliwafanya watu wengi waidhanie ofisi ya kazi kuwa mahali pa kupangia foleni ya fidia tu.

Wala haifai kuipita kimya taksiri kubwa ya ofisi hizo. Katika majimbo ya kusini mtu mweusi aliingia kwa mlango wake wa peke yake, au katika jengo jingine kabisa. Rangi yake iliandikwa katika kadi. Na mwajiri aliyesema kwamba ataka weupe tu, karani wa serikali, alipwaye kwa kodi za watu wote, alimtii bila swali, akampeleka mweusi mwenye elimu kufua nguo au kuchuma pamba. Hali hiyo iliendelea mpaka Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, iliyoharamisha kumchagulia mtu kazi kwa sababu ya rangi, dini, jinsia au asili yake, na kuzitia ofisi za majimbo zilizopokea fedha za shirikisho katika hukumu hiyo.

Sheria nyingine za kazi na mafunzo, za miaka ya 1962, 1973, 1982, 1998 na 2014, zilibadili majina na mgawanyo wa fedha, lakini nguzo zilibaki zile zile: ofisi, mafunzo na uanagenzi. Katika kituo cha leo mtafuta kazi husaidiwa kuandika maelezo ya kazi alizowahi kufanya, huonyeshwa nafasi zilizopo, na akithibitika kuwa anastahiki hulipiwa karo ya kujifunza udereva wa malori, uuguzi msaidizi au uchomeleaji. Ohio ina vituo hivyo katika kaunti zake zote 88, na katika miji kama Columbus na Dayton, miwili kati ya ile mitano ya mwaka 1890, wamehamia ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo, ambao wengi wao husema Kiswahili. Sheria ile ya mwaka 1964 inawapa haki ya kutafutiwa mkalimani wakiwa na haja naye.

Basi wewe msomaji uliye na ndugu huko, mwandikie umwambie aulize kituo cha kazi cha jimbo lake kiko wapi, aende na kibali chake cha kufanya kazi, aombe mkalimani pasipo kuona haya, wala asimpe fedha mtu yeyote anayedai kumwuzia kazi au kumwuzia fomu ya serikali, kwa sababu huduma za ofisi hizo ni bure.