Isnadi Iliyokatika: Kitabu cha Misri katika Matbaa ya Uingereza

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, amepokea kauli ya Abdullah bin al-Mubarak inayoihesabu isnadi kuwa ni sehemu ya dini. Faida ya kanuni hii hudhihirika zaidi pale inapoachwa, na mfano mmoja umo katika historia ya vitabu vya Uingereza.

Mwenye kitabu

Al-Mubashshir bin Fatik alikuwa amiri na mwanachuoni aliyeishi Misri zama za Fatimiyya. Ibn Abi Usaybi'a, mwandishi wa historia ya matabibu, anaeleza kuwa alisoma hisabati kwa Ibn al-Haytham na utabibu kwa Ali bin Ridhwan. Mwaka 440 Hijria (1048-1049) alitunga Mukhtar al-Hikam, mkusanyiko wa habari na semi za wenye hekima wa kale, miongoni mwao Shith, Luqman, Sokrati, Aflatuni na Iskandar. Alipofariki, mkewe, kwa uchungu wa kuachwa peke yake mume akishughulika na vitabu, alivitupa katika birika la maji nyumbani. Viliopolewa, lakini vingi vilikuwa vimeharibika.

Safari ya kitabu

Mukhtar al-Hikam kilisalimika. Katika karne ya 13 kilifasiriwa kwa Kihispania, kisha kwa Kilatini. Kutoka Kilatini, Guillaume de Tignonville wa Paris, aliyefariki mwaka 1414, alikitia katika Kifaransa. Mwaka 1450 Stephen Scrope alikifasiri kwa Kiingereza kwa ajili ya baba yake wa kambo. Anthony Woodville, shemeji wa Mfalme Edward IV, naye alikifasiri upya, baada ya kupewa nakala ya Kifaransa akiwa safarini kwenda kuhiji Santiago de Compostela mwaka 1473.

Tarehe 18 Novemba 1477 (882 Hijria), William Caxton alikamilisha kukichapa Westminster. Hicho ndicho kitabu cha kwanza kilichochapwa Uingereza kikiwa na tarehe. Katika maktaba ya Lambeth Palace, London, upo muswada wake wenye picha ya Woodville akimkabidhi mfalme kitabu hicho.

Kilichopotea njiani

Katika dibaji yake Woodville alimtaja mfasiri wa Kifaransa, tena kwa jina la Jehan badala ya Guillaume, akasema kuwa asili yake ni Kilatini. Hapo silsila ikakomea. Msomaji wa Kiingereza hakuambiwa kuwa kuna mtu wa Misri aliyeitwa al-Mubashshir. Hata Shith, mwana wa Nabii Adam (amani iwe juu yao), alifika huko akiitwa Sedechias. Wanachuoni wa hadithi huliita kosa la namna hii tas-hif, na riwaya iliyokatika huiita munqati'. Ilipofika mwaka 1958 ndipo Abdurrahman Badawi alipochapisha matini ya Kiarabu huko Madrid.

Mazingatio

Lipo jambo la kujihadhari nalo. Baadhi yetu tukisoma habari kama hii hukimbilia kusema kuwa Wazungu walituibia. Dalili hazisemi hivyo. Kila mfasiri alipokea kilichokuwa mbele yake, na jina likadondoka hatua kwa hatua, kwa sababu hapakuwa na aliyeona ni wajibu wake kulibeba.

Tena tuwe waadilifu: al-Mubashshir mwenyewe hakuwa na isnadi iliyoungana hadi kwa Sokrati wala Luqman. Hikima aliyoikusanya hupimwa kwa maana yake, ikichukuliwa ile inayoafikiana na sheria. Lakini haiwi hoja katika hukumu, wala haijuzu kukata kauli kuwa fulani alisema ilhali haijathibiti.

Basi khatibu anayepanda mimbari na maneno aliyotumiwa katika simu, akayanasibisha kwa Mtume (s.a.w.) au kwa Imam Shafi'i bila kuyahakiki, atazame kilichompata Shith baina ya Misri na Westminster. Wale walipoteza jina la mwandishi. Huyu anaweza kumzulia Mtume, na adhabu ya jambo hilo inajulikana.

Wallahu a'lam.