Chui wa Unguja: Yuko Bado au Alishamalizwa?

Chui wa Unguja ni mnyama ambaye wataalamu wengi wamemhesabu kuwa ametoweka, lakini watu wa mashamba hawajaacha kumwona. Habari zenyewe hufanana. Mmoja anasema kilimkatia njia kitu kikubwa chenye madoa alfajiri akienda baharini. Mwingine amekuta mbuzi wake ameburutwa hadi vichakani. Wa tatu hakuona kitu, ila anamjua mtu anayemfuga. Sisi wa Mombasa, Lamu na Vanga wenye jamaa ng'ambo ya pili tumezisikia habari hizi tangu utoto, na kila baada ya miaka kadhaa zinarudi upya. Inafaa basi kuzitazama moja moja: lipi linajulikana, lipi ni la kusikia, na nani alilipia gharama ya maneno hayo.

Kwanza mnyama mwenyewe. Hakuwa wa hadithi. Mwaka 1932 mwanasayansi wa Uingereza, R. I. Pocock, alimwandika rasmi kama aina ya pekee ya chui na kumpa jina la adersi, kwa heshima ya Dkt. W. M. Aders, mtaalamu wa viumbe aliyefanya kazi katika serikali ya Zanzibar. Ngozi aliyoitumia ilitoka Chwaka, pwani ya mashariki. Alikuwa mdogo kuliko chui wa bara, na madoa yake hayakufanya yale maua makubwa tunayoyajua. Yalikatikakatika yakawa vidoa vidogo vingi. Sababu ni maji. Unguja ilitenganishwa na bara bahari ilipopanda baada ya zama za barafu kumalizika, na chui waliobaki kule wakaendelea kuzaana wenyewe kwa wenyewe kwa maelfu ya miaka. Pemba haikuwa na chui. Baadhi ya wataalamu wa leo hawaoni kwamba tofauti hizo zinatosha kumtenga na chui wengine wa Afrika, lakini huo ni ubishi wa majina. Kwamba alikuwako, hilo halina shaka. Mmoja alikaushwa akawekwa katika Makumbusho ya Zanzibar, rangi yake imefifia, na ngozi nyingine zilizohifadhiwa duniani ni chache za kuhesabika kwa vidole.

Hapo ndipo chui huyu anapotofautiana na wanyama wengine wa ajabu wa pwani yetu. Watoto wa Waswahili wamekua na kisa cha nunda, paka aliyeanza kwa kula vifaranga, akaenda kwa mbuzi na ng'ombe, mwisho akala watu. Kimo katika mkusanyiko wa hadithi uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Kusini, Lindi, hakimu wa kikoloni William Hichens aliandika juu ya mauaji ya miaka ya 1920 ambayo watu waliyahesabu kuwa ni ya mngwa, paka wa rangi ya kijivu mwenye ukubwa wa punda. Nyumbani Kenya, katika milima ya Aberdare, walitafuta simba wenye madoa. Mwingereza Kenneth Gandar Dower alitunga kitabu kizima juu yao mwaka 1937. Mngwa hana ngozi iliyothibitishwa hadi leo. Chui wa Unguja anayo.

Sasa tuje kwenye jambo zito, nalo ni lile neno la tatu: kwamba chui ana mwenyewe.

Mashambani Unguja chui waligawanywa mafungu mawili. Kulikuwa na chui wa mwituni, mnyama wa Mungu kama wengine, na kulikuwa na chui wa kufugwa. Huyu wa pili alisemwa kuwa ni mali ya mchawi: analishwa, anafunzwa, anarithishwa kwa watoto, anatumwa usiku kwa jirani uliyegombana naye. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman, walioziandika imani hizi kwa undani kuanzia miaka ya 1990, wanaeleza zilivyokua. Kadiri watu walivyozidi na mashamba yakakata msitu na vichaka vya maweni, chui walikosa paa wa kuwinda na wakasogea karibu na majumba. Walichukua mbuzi na kuku, na mara nyingine walimdhuru mtu, hata mtoto. Mnyama aliyekuwa anakaa mbali, leo yuko nyuma ya nyumba. Watu waliuliza: kaletwa na nani? Swali hilo likishaulizwa, jibu lake haliwezi kuwa mnyama. Lazima liwe jina la mtu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, jibu hilo likageuzwa kuwa kazi. Katika miaka hiyo ya 1960 mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi aliongoza msako wa kisiwa kizima uliounganisha mambo mawili: kuwafichua na kuwanyamazisha wachawi, na kuwaua chui wao. Baada yake uwindaji ukaendelea kwa baraka za serikali. Wasasi walitoka kwa makundi na mbwa, na chui akahesabiwa pamoja na wanyama waharibifu wa mazao na mifugo. Habari za chui kuuawa ziliendelea kusikika hadi miaka ya 1990.

Tuweke na hesabu ya watu pembeni, maana wengine hupenda kuutupia ushirikina lawama yote. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 355,000 Zanzibar nzima. Sensa ya 2022 ilipata 1,889,773, na kati yao zaidi ya milioni 1.3 wako Unguja, kisiwa kisichofika hata kilomita za mraba 1,700. Chui anataka nafasi na anataka nyama. Hata kama Kitanzi asingezaliwa, chui wa Unguja angekuwa taabuni. Msako ulimharakisha tu.

Kulipoanza juhudi za uhifadhi Jozani, watu wa elimu ya wanyama waliingia porini kumtafuta. Mwaka 2002 Goldman na Walsh waliandika makala ambayo kichwa chake kiliuliza wazi kama chui wa Zanzibar ametoweka. Mwaka 2003 Goldman na mwenzake Winther-Hansen walitega kamera zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, katika eneo la Jozani na Ghuba ya Chwaka. Kamera zilipata wanyama wengi wa usiku. Zilipata hata picha za kwanza za kanu wa Unguja, aina ambayo wanasayansi hawakujua kuwa iko kisiwani hadi mwaka 1995. Chui hazikumpata.

Kanu huyo amekuwa hoja ya wale wanaosema chui yupo: ikiwa yeye alijificha wanasayansi wasimjue hadi juzi, chui atashindwaje? Hoja ina uzito, lakini upande mmoja tu. Kanu ni mdogo na hana ugomvi na mtu. Chui huacha mizoga. Huacha nyayo kwenye njia za wachoma mkaa, hukwaruza magome ya miti, na usiku hutoa sauti kama msumeno ukikata mbao. Kuishi miaka mingi katika kisiwa kilichojaa watu bila kuacha hata kimoja kati ya hivyo ni kazi ngumu sana.

Upo na umri. Chui wa mwituni akizeeka sana hufika miaka kumi na mitano hivi. Chui wa mwisho aliyenusurika na wasasi wa miaka ya 1990 alishakufa zamani, risasi au bila risasi. Basi anayesema kamwona chui mwaka huu hasemi habari ya chui mmoja. Anasema kuna mama, kuna dume, kuna wajukuu, wote wamezaliwa na kulishwa kisiwani humo muda wote huu. Mashahidi wengi hawalifikirii hilo, na si kosa lao. Wao waliulizwa waliona nini tu.

Kuna sura nyingine inayochekesha na kusikitisha pamoja. Kwa kuwa imani ya chui wa kufugwa haikufa, wapo waliojitokeza kuwaahidi wageni na wahifadhi kwamba watawaonyesha, kwa malipo. Walsh na Goldman wameeleza jinsi hata baadhi ya watu wa uhifadhi walivyoingia katika fikra hiyo, wakiwa na matumaini kwamba wafugaji wa chui wangefikiwa na mnyama apatikane kwao. Chui hakuletwa. Ila tazama lilivyogeuka jambo: maneno yaleyale yaliyomuua chui sasa ndiyo yanayomweka hai midomoni. Mchawi aliyesakwa kwa sababu ana chui, sasa anatafutwa kwa sababu hiyohiyo, kwa fedha mkononi.

Kisha ikaja picha. Mwaka 2018 Mmarekani Forrest Galante, mwenye kipindi cha televisheni cha kutafuta wanyama waliotoweka, alitega kamera Unguja na kupata video fupi ya usiku inayoonyesha mnyama anayefanana na chui akipita. Ilionyeshwa mwezi wa Juni mwaka huo, na habari ikasambaa dunia nzima kwamba chui wa Zanzibar amefufuka. Sitaki kumbeza, alifanya ambacho wengi hawakufanya, akatoka na kitu cha kutazamwa. Lakini sekunde chache kutoka kamera moja ni mwanzo wa kazi. Kilichotakiwa kufuata ni picha ya pili, nywele, kinyesi cha kupimwa maabara, mzoga wa paa wenye alama za meno. Kwa maoni yangu, mpaka kimoja kati ya hivyo kipatikane, jibu la busara ni kwamba chui wa Unguja amekwisha, na mlango uachwe wazi kidogo kwa ajili ya haki.

Je, wale wanaoona huona nini? Tusiwaite waongo. Usiku, kwa mwanga wa taa ya pikipiki, ngawa mwenye madoa anaonekana mkubwa mara mbili. Mbwa aliyepotea akipita kwenye majani marefu huonekana mgongo na mkia tu. Na mtu aliyekulia katika habari za chui, kitu kikimpita gizani huwa tayari kina jina kabla hajakitazama vizuri. Nyayo zinasaidia kuliko macho: chui akitembea hukunja kucha, kwa hivyo alama yake ni ya vidole vinne na kiganja bila vidoti vya kucha mbele. Mbwa huacha vidoti hivyo. Nyingi za nyayo zinazoogopesha vijiji zingekwisha hapo.

Kwa nini tuyajali haya upande wetu wa mpaka? Sababu moja ni kwamba chui wako kwetu, hai, katika Shimba Hills na misitu ya Boni, na mwenye mbuzi Kwale au Lamu ana haki ya kusikilizwa akisema amepata hasara. Hapa kuna sheria ya wanyamapori ya 2013 na kuna KWS. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kilifi na jirani zake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na tunajua jinsi mambo hayo yanavyoanza: mfugo umekufa, mtoto ameugua, kuna mnyama asiyeeleweka ameonekana karibu na boma la fulani. Neno "ana mwenyewe" likitoka kinywani, si chui tena anayewindwa. Anayeeneza kwenye simu sauti ya "chui wa mzee fulani" ajue anachokibeba.

Na iko sababu ya tatu, ambayo wengi hawaijui. Dkt. Aders aliyepewa jina la chui alipewa pia la paa nunga, swala mdogo mwekundu wa msituni. Paa nunga anaishi Unguja, na anaishi kwetu pia, Arabuko-Sokoke na hasa misitu ya Boni na Dodori, ambako kamera za mtego zimempiga picha nyingi. Yuko hatarini duniani kote na hakuna anayemwogopa, kwa hivyo hakuna anayemsimulia. Mitego ya waya humkamata kila msimu.

Anayekutana na mnyama wa aina hii, Unguja au bara, asimfuate. Apige picha ya unyayo akiweka kitu cha kupimia kando yake, sarafu au kiberiti. Mzoga usikatwekatwe kabla haujatazamwa shingoni, maana chui hushika koo. Nywele zilizonasa kwenye ua zitiwe katika karatasi kavu, si mfuko wa plastiki. Vyote vipelekwe kwa maafisa wa hifadhi ya Jozani, au kituo cha KWS kwa walio huku, pamoja na mahali, siku na saa. Jina la jirani si la lazima katika taarifa hiyo.