"Haiwaki": Neno Moja, Hitilafu Tatu

Miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili vilivyotwishwa kazi nyingi katika karne ya 20 ni kitenzi kuwaka. Hapo kale moto uliwaka, na jua likawaka. Ilipokuja taa ya umeme, nayo ikawaka. Ikafuata injini ya gari, kisha redio, na hatimaye kompyuta. Hatuilaumu safari hiyo, kwani lugha hai hukua kwa kutumia mali iliyo nayo. Lakini yafaa tujiulize kama neno lililobeba mizigo yote hiyo laweza bado kumsaidia fundi, mwalimu na mfasiri pale mashine inapogoma. Katika makala haya tutachukua tukio moja tu: kompyuta iliyokuwa nzima asubuhi, ikafunguliwa ili iwekewe kadi mpya ya picha, na ilipofungwa tena mwenyewe akasema, "Haiwaki."

Kadi ya picha ni kibao kinachochomekwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, ule ambao mafundi huuita madabodi. Kazi yake ni kuiandaa picha na kuipeleka kwenye kioo. Ili tuelewe kwa nini kuibadili huweza kuinyamazisha mashine nzima, hatuna budi kurudi nyuma kidogo katika historia.

Mafundi wetu husema kompyuta inabuti au haibuti. Neno hilo limetoka katika Kiingereza, na asili yake ni kikanda kinachoshonwa nyuma ya kiatu cha buti ili mvaaji akivute. Katika karne ya 19 Wamarekani walikuwa na usemi juu ya mtu anayejiinua kutoka ardhini kwa kuvuta vikanda vya viatu vyake mwenyewe, yaani anayejaribu lisilowezekana. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa kompyuta waliuazima usemi huo, maana fumbo lao lilifanana nao: kompyuta haiwezi kupakia programu bila kuwa na programu ya kuiambia namna ya kupakia. Mashine ya IBM 701, iliyotangazwa mwaka 1952, ilikuwa na kitufe kilichoiamuru isome agizo lake la kwanza. Kompyuta ndogo ya Altair 8800, iliyouzwa kuanzia mwaka 1975, ilimtaka mtumiaji aingize maagizo ya mwanzo kwa mkono, swichi baada ya swichi. Baadaye maagizo hayo yaliwekwa ndani ya kumbukumbu isiyofutika umeme unapokatika, na mashine ikaweza kujiamsha yenyewe.

Kompyuta ya IBM PC ilitolewa Agosti 1981. Ubao wake mkuu haukuwa na sehemu ya kutengeneza picha. Mnunuzi aliongeza kadi, ama ya rangi moja ama ya rangi nyingi, na vijiswichi vilivyokuwa juu ya ubao huo viliijulisha mashine ni kadi ipi iliyomo. Kabla ya kuanza kazi, mashine ilijikagua. Iwapo kadi ya picha ilikuwa na kasoro, haikuwa na mahali pa kuandika taarifa, kwa kuwa kioo chenyewe kilikuwa giza. Kwa hiyo ilitoa milio: mmoja mrefu na miwili mifupi. Hapa ndipo historia inapotufunza jambo. Wahandisi wa mwaka 1981 walikwisha kutambua kwamba kupata umeme, kujiamsha na kuonyesha picha ni mambo matatu mbalimbali. Sisi tumeyaweka yote katika neno moja.

Tuyatazame matatu hayo moja moja, kama yanavyojitokeza leo baada ya kadi kubadilishwa.

La kwanza ni mashine kukosa umeme. Feni hazizunguki, au huzunguka kidogo zikasimama. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na kisanduku cha kugawa umeme cha wati 63.5 kwa mashine nzima. Leo nafasi ya PCI Express ambamo kadi huchomekwa yaweza kuipatia wati 75, na waya wa ziada wenye pini 8 huongeza wati 150. Basi kadi moja ya namna hiyo yaweza kudai wati 225, zaidi ya mara tatu ya kisanduku kizima cha zamani. Kisanduku kisichomudu mzigo hujizima ili kujilinda. Pengine pia waya wa umeme umeng'olewa bahati mbaya wakati wa kazi.

La pili ni mashine kupata umeme lakini isijiamshe. Taa ipo, feni zinazunguka, na kazi haianzi. Huenda kadi haikuzama sawasawa katika nafasi yake, au waya wake wa ziada haukuchomekwa, au kumbukumbu ya jirani imelegezwa na mkono wa fundi. Huenda pia programu ya kuamshia iliyomo katika ubao mkuu haielewani na kadi, hasa ubao ukiwa mpya na kadi ikiwa ya zamani, au kinyume chake. Hapa mashine hulia milio yake, na katika mbao nyingi za siku hizi huwasha kitaa kidogo kando ya neno linalotaja sehemu yenye kasoro.

La tatu ni mashine kujiamsha vizuri lakini isionyeshe picha. Mara nyingi waya wa kioo umeachwa katika tundu la zamani kwenye ubao mkuu, ilhali picha sasa inatoka katika kadi mpya. Tiba yake ni kuhamisha waya, kazi isiyochukua hata dakika moja.

Msomaji ataona mara moja hasara ya kuyachanganya. Mwalimu anayemwandikia fundi kwamba kompyuta ya shule "haiwaki" hajamwambia lolote. Fundi akilielewa kwa maana ya kwanza, atanunua kisanduku kipya cha umeme kwa fedha ya shule, na kioo kitabaki giza. Afisa wa ghala akilielewa kwa maana ya kufa, ataiandika mashine nzima katika orodha ya vifaa chakavu, kumbe waya umekosea tundu. Kwa hiyo hatubishani hapa juu ya uzuri wa lugha tu. Ni suala la mali ya umma.

Wako watakaosema kwamba tafsiri za programu zimekwisha kulimaliza tatizo hili. Ni kweli kwamba kazi kubwa imefanyika: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Lakini maneno hayo husomwa kwenye kioo, na hitilafu tunayoizungumzia hutokea kioo kikiwa hakina kitu. Istilahi zake hazina budi kuwamo katika mwongozo uliochapishwa na katika kinywa cha fundi.

Mafundi wa magari walitutangulia. Wao husema stata inazungusha lakini injini haiwaki, au injini imewaka lakini gari haliondoki, na kila kauli humpeleka fundi mahali pake. Kwa kufuata mfano huo tunapendekeza kwamba kuwaka kubaki na maana ya kupata umeme. Kujiamsha kutumike kwa mashine inayojikagua na kupakia programu zake. Na kuonyesha kutumike kwa picha kufika kwenye kioo. Kiambishi -ji- kinabeba wazo lilelile la kujiinua mwenyewe, wala hatuhitaji kuazima viatu vya mtu. Mwongozo wa Kiswahili uanze basi kwa maswali matatu: Je, imewaka? Je, imejiamsha? Je, inaonyesha? Kisha umwelekeze msomaji azime mashine, achomoe waya wa umeme, na airudishe kadi ya zamani. Ikifanya kazi kama kwanza, ajue kwamba mashine yake ni nzima, na kasoro aitafute katika kadi mpya au katika namna ilivyofungwa.

Tunawaalika wasomaji, hasa mafundi na walimu wa vyuo vya ufundi, watuletee maneno wanayoyatumia katika karakana zao. Huenda liko neno bora kuliko kujiamsha ambalo tayari linasemwa mahali fulani, nasi hatujalisikia.