Luray: mji uliojengwa na upepo wa pangoni

Julai na Agosti katika bonde la Shenandoah, jimbo la Virginia nchini Marekani, ni miezi ya jasho. Joto hupita nyuzi 30, na unyevunyevu wa hewa hulifanya lizidi kuchosha. Katika miezi hiyohiyo magari hufuatana kuelekea Luray, mji mdogo ulio kati ya milima ya Blue Ridge na mlima Massanutten, na waliomo wamekumbuka kubeba masweta. Kando ya mji huo, chini ya kilima, kuna mapango ambayo joto lake ni kama nyuzi 12 za Selsiasi, Januari hadi Desemba.

Mapango ya Luray husifiwa kwa mawe yake, na yanastahili sifa hizo. Lakini ukiifuata historia ya mahali hapa hatua kwa hatua, utaona kwamba kila jambo kubwa lilianzishwa na upepo ule wa baridi.

Tarehe 13 Agosti 1878, Andrew Campbell, fundi bati wa mjini hapo, alikuwa kilimani na mpiga picha Benton Stebbins pamoja na wenzao wachache. Hawakupita pale kwa bahati. Stebbins aliamini kwamba pango zuri lingevuta wageni wa kulipa, kwa hiyo walikuwa wakilitafuta. Penye ardhi iliyotitia, katika upenyo wa mawe, wakakuta hewa baridi inatoka kwa nguvu ya kuzima mshumaa. Wakachimba kwa saa kadhaa, mpaka Campbell na Quint, kijana wa miaka 13 wa ukoo wake, wakaweza kuteremka kwa kamba, mishumaa mkononi.

Upepo huo una sababu yake. Maji ya mvua hufyonza hewa ya ukaa yanapopita kwenye udongo, yakawa na uchachu kidogo, nayo huyayeyusha mawe ya chokaa polepole kwa mamilioni ya miaka mpaka yakaacha matundu na kumbi. Huko chini jua halifiki, wala theluji haifiki. Mwamba hutunza wastani wa joto la mwaka mzima wa mahali hapo: baridi ya Januari na moto wa Julai hukutana katikati, na kwa Luray katikati hiyo ni nyuzi 12. Kiangazi kinapofika, hewa ya pangoni huwa nzito kuliko ya nje, hivyo hutiririka na kutokea kwenye matundu ya chini. Ukisimama mbele ya tundu kama hilo mchana wa Agosti, utajua bila kuambiwa kwamba kuna ukumbi nyuma yake.

Campbell na wenzake walijua, na wakanyamaza. Ardhi ile ilikuwa inakwenda mnadani kwa amri ya mahakama, kwa sababu ya madeni ya mwenyewe, nao wakainunua Septemba hiyohiyo kwa bei ya kilima cha kawaida. Siri ilipofichuka, kesi ikafunguliwa, na baada ya miaka kama miwili mahakama ya juu ya Virginia ikaufuta ununuzi wao kwa kuwa walificha walichokijua. Hukumu ilikuwa ya haki, ingawa ni vigumu kutowahurumia watu waliochimba kwa mikono yao. Hatimaye mapango yakaingia mikononi mwa kampuni tanzu ya reli ya Shenandoah Valley, na watu wa mijini wakaanza kuletwa kwa treni.

Sura ninayoipenda zaidi ni ya mwaka 1901. Kanali T. C. Northcott alijenga juu ya kilima nyumba ya kuuguzia wagonjwa, akaiita Limair, yaani hewa ya chokaa. Alitoboa kisima chenye upana wa futi 5 mpaka ndani ya pango, akafunga feni ya inchi 42 inayoendeshwa na mota ya umeme ya nguvu farasi 5, akaivuta hewa ya chini mpaka vyumbani. Ilisemekana kwamba hewa ya nyumba nzima ilibadilishwa kila baada ya dakika 4, na kwamba siku kali kabisa ya kiangazi ndani hapakuzidi nyuzi 21. Willis Carrier alibuni mtambo wake wa kwanza wa kiyoyozi mwaka 1902, kwa kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn. Northcott alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja, na hakutengeneza baridi hata chembe. Aliichota tu palipokuwa pamejaa.

Aliamini pia kwamba hewa hiyo ni dawa ya mapafu. Hapo naweka kiasi. Ni kweli kwamba kuta mbichi za pango hunasa vumbi, lakini mtaalamu wa leo angepima kwanza gesi ya radoni, ambayo hukusanyika chini ya ardhi na haifai kuvutwa kwa muda mrefu. Mgeni wa saa moja hana la kuogopa.

Mambo mengine yalikuja baadaye, kama kinanda cha miaka ya 1950 cha Leland Sprinkle, kinachogonga stalaktiti, yaani mawe yanayoning'inia darini mwa pango, kwa nyundo ndogo za mpira zilizotawanyika katika eneo la ekari tatu na nusu. Inapendeza sana kusikiliza, ukiwa umevaa sweta.

Msomaji wa Tanga atauliza: mbona Amboni hatusikii baridi hiyo? Mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kutoka mjini, nayo ni ya mawe ya chokaa, na kanuni ni ileile. Ila wastani wa joto la Tanga kwa mwaka unakaribia nyuzi 26, na huo ndio mwamba wake unaoutunza. Wakati wa kaskazi utapata kivuli na nafuu kidogo, pamoja na unyevunyevu na popo. Nenda Amboni kwa ajili ya mawe yake, mizimu yake na historia yake, na usiguse kuta, kwa maana mafuta ya vidole huzuia jiwe kuendelea kukua. Anayetaka kutetemeka kwa baridi katikati ya kiangazi, njia yake ni ya Luray.