Pazia la Kitanda na Mfyatua Matofali

Mwaka 1116 tabibu wa Kichina aitwaye Kou Zongshi aliandika lalamiko ambalo mpaka leo linasomeka kama la mtu aliyechoshwa na kazi yake. Tabibu akiitwa nyumba ya kitajiri kumtibu mwanamke, alisema, humkuta mgonjwa nyuma ya pazia la kitanda, na mkono anaonyoshewa apime mapigo umefunikwa kitambaa. Uso hauoni. Akizidisha maswali, wenye nyumba humdhania hajui kazi, na dawa yake hainywewi. Tiba ya Kichina ilimtaka atazame, asikilize na kunusa, aulize, kisha ashike mshipa. Hapo alibakiwa na robo ya kazi, nayo imevishwa nguo.

Naanza na pazia kwa sababu bila hilo historia ya fuke, tawi la tiba ya Kichina linaloshughulikia maradhi ya wanawake, huonekana kama orodha ndefu ya mizizi tu. Mizizi ipo, na tutaifikia. Lakini vitabu vingi viliandikwa na wanaume waliokaa upande wa pili wa kitambaa.

Kitabu kikongwe cha tiba kiitwacho Huangdi neijing kilihesabu umri wa mwanamke kwa saba saba: mara mbili saba, hedhi huanza, mara saba saba, hukoma. Miaka 14 na 49, hesabu ambayo nyanya zetu wasingeibishia sana. Katika karne ya saba, Sun Simiao alitanguliza dawa za wanawake katika mkusanyiko wake mkubwa, kabla ya za watoto na za wanaume. Heshima hiyo ilikuja na shutuma: maradhi ya wanawake, kwa maoni yake, ni magumu kutibu mara kumi kuliko ya wanaume, na sehemu ya sababu ni hisia zao. Unajiuliza ugumu ule ulikuwa wa mgonjwa au wa pazia.

Mwaka 1237 Chen Ziming alikamilisha kitabu kikubwa cha tiba za wanawake, na kanuni yake ilitawala kwa karne nyingi: kwa mwanamke, tengeneza damu kwanza. Hedhi iliyochelewa, mimba iliyoharibika, maumivu baada ya kujifungua, yote yalirudishwa kwenye damu iliyopungua, iliyopoa au iliyokwama. Dawa iliyobeba kanuni hiyo ni mchemsho wa vitu vinne, siwu tang, ambao kiungo chake mashuhuri ni mzizi wa danggui. Kinachochekesha ni kwamba mchemsho huo haukuanzia kwa wanawake. Maandishi ya kwanza tunayoyajua, ya karne ya tisa, yanautoa kwa walioumia na kuvunjika mifupa. Ni katika enzi ya Song ndipo ulipohamia kwenye hedhi na uzazi, na huko ukabaki.

Wazo la damu iliyokwama lina njia inayofika mpaka upande wetu wa bahari. Wang Qingren, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1830, alitunga mchemsho wa maumivu ya chini ya kitovu na wa kutafuta mtoto, na ndani yake, pamoja na danggui, mna tangawizi kavu, mdalasini na manemane. Manemane si mti wa China. Ni utomvu wa nchi kavu za Wasomali na Uarabuni, na mwaka 1225 Zhao Rugua, ofisa wa forodha wa Quanzhou, alikuwa tayari ameuandika miongoni mwa bidhaa za ng'ambo, pamoja na ubani.

Je, tiba hii inafanya kazi? Jibu hutofautiana dawa kwa dawa, na majaribio mengi ya mitishamba hii yamekuwa madogo au dhaifu. Moja kubwa lilichapishwa mwaka 2017, nalo halikuwa la mitishamba bali la akupancha, uchomaji wa sindano wa tiba ya Kichina: wanawake 1,000 wa China wenye ovari zenye vifuko vingi waliokuwa wakitafuta watoto. Sindano halisi hazikuzishinda za kuigiza. Vidonge vya clomiphene ndivyo vilivyoongeza watoto waliozaliwa hai.

Nirudi kwenye pazia, maana kulikuwa na tabibu mwanamke aliyeweza kuingia ndani yake. Tan Yunxian, aliyezaliwa mwaka 1461 huko Wuxi, alifundishwa tiba na bibi yake, mzaa baba. Wanawake walimjia kwa kuwa hawakutaka kumwonyesha mwanamume walichonacho. Mwaka 1511 alitoa kitabu chembamba cha wagonjwa 31. Alimpa mwanawe akinakili na kusimamia kichongwe kwenye mbao za kuchapia.

Mmoja wa wagonjwa hao alitokwa damu miezi mitatu mfululizo. Kou Zongshi angepewa mkono uliofunikwa. Tan aliuliza, naye akaambiwa: familia inafyatua matofali na vigae, na mgonjwa hufanya kazi tangu kabla ya kupambazuka hadi usiku. Mwingine mikono ilimfa ganzi. Ni mke wa mwenye mashua, na usukani anaushika yeye. Dawa alizowapa zimo katika vitabu vya wanaume pia. Matofali na usukani ndivyo vigumu kuvikuta humo.

Aliandika kwa haraka, na sababu anaieleza mwenyewe. Baada ya bibi kufariki, Tan aliugua karibu ya kufa, akamwota bibi akimwonyesha dawa iko kitabu gani, na kumwambia ataishi miaka 73. Alipofika 50 akaona muda uliobaki ni mdogo. Aliishi zaidi ya 90.