Landrover ya Jeshi, Kutambua Umri wa

Umri wa Landrover ya jeshi huhesabiwa tangu mwaka ilipotoka kiwandani Solihull, Uingereza. Kadi ya gari aghalabu husema jambo jingine. Katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanzania, ambako Landrover za chesisi ndefu (109) zimebeba abiria, korosho na mapipa ya maji kati ya Newala, Tandahimba na Masasi kwa miongo mingi, gari lililouzwa na jeshi husajiliwa upya siku linapopata mnunuzi raia. Tena namba za sasa zinazoanza na T zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikayavika bati la aina moja magari ya 1965 na ya 1995.

Shahidi wa kwanza ni namba ya chesisi. Kwa magari ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, imepigwa kwenye chuma cha mbele kulia, pale springi inaposhikiliwa. Hapo ndipo udongo mwekundu hugandamana na grisi hadi chuma kisionekane. Tope hilo hukwanguliwa kwa brashi ya waya, chuma hupitishwa mafuta ya taa, kisha husuguliwa chaki na kufutwa juu juu; chaki hubaki ndani ya mikwaruzo na tarakimu zikasomeka. Msasa mkali hula namba yenyewe, na namba iliyoliwa hairudi.

Katika toleo la IIA (1961–1971) kuna tarakimu tatu za mwanzo, tano za mfululizo na herufi moja mwishoni. 109 ya kawaida ya petroli huanza na 251 hadi 255. Yenye 251 ilikusudiwa soko la Uingereza. 252 ni ya kuuzwa nje ikiwa na stelingi kulia. 253 ilisafirishwa vipande vipande ili iungwe huko iendako. Herufi ya mwisho, kuanzia A, husogea kila kiwanda kilipobadilisha sehemu fulani ya muundo, hivyo hupunguza ubishi hata pale tarakimu za kati zinapofifia. 109 ya petroli ya toleo la III (1971–1985) huanza na 911 na kuendelea, na kuanzia mwishoni mwa 1979 namba ikawa ndefu, yenye alama 17, ikianza na SAL.

Sura ya gari husaidia, ila kwa tahadhari. Taa za mbele zilizobanana katikati, karibu na rejeta, ni za kabla ya 1968 au 1969; baada ya hapo zilihamia kwenye madigadi. Saa za dashibodi zikiwa katikati, gari si toleo la III. Shida ni kwamba Landrover huishi kwa viungo vya marehemu wenzake: bodi ya aluminiamu haili kutu, chesisi ya chuma inakula, kwa hiyo madigadi ya 1975 hukaa juu ya fremu ya 1963 bila aibu yoyote. Gia boksi ndiyo hushuhudia kwa sauti. Ikilalamika kila unapoingiza gia namba mbili bila kukanyaga klachi mara mbili, ina asili ya kabla ya toleo la III.

Kujua kama gari lilikuwa la jeshi tangu mwanzo ni kazi nyingine. Zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Uingereza huwa na matenki mawili chini ya viti vya mbele, umeme wa volti 24 kwa zile za redio, na taa ndogo nyuma inayomulika difu iliyopakwa rangi nyeupe ili dereva wa msafara wa usiku afuate gari lililo mbele yake. Rangi ya kijani pekee haithibitishi kitu. Wakati wa Vita vya Kagera (1978–1979) magari ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kwenda vitani, kwa hiyo chini ya kijani inaweza kulala rangi ya shirika. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lenyewe liliundwa tarehe 1 Septemba 1964. Chesisi ya kabla ya hapo haikununuliwa nalo ikiwa mpya.

Vifaa vya umeme vya Lucas, hasa dinamo na distributa, vimepigwa mwezi au wiki pamoja na mwaka. Vinataja tu umri wao wenyewe. Vikikubaliana na chesisi, gari halijafumuliwa sana.

Kusini huko huko kulitumika pia mashine ambazo umri wake ni mgumu zaidi kupima kuliko wa Landrover. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ulioanza 1947 Kongwa na kufika Nachingwea, jirani na Masasi, ulitumia mabaki ya Vita vya Pili vya Dunia, yakiwamo matrekta ya Shervick ambayo kampuni ya Vickers-Armstrongs iliyaunda kutokana na vifaru vya Sherman. Chuma cha matrekta hayo ni cha 1942 hadi 1945. Trekta lenyewe ni la baada ya vita.